Saa Isemayo Uongo: Sanaa, Ukweli na Ahadi ya Fundi

Utangulizi

Tangu Plato awafukuze washairi katika jamhuri yake, swali la iwapo msanii ana wajibu wa kusema kweli limekuwa likizuka na kuzama katika mijadala ya fasihi, na kila kizazi cha wahakiki kimelijibu kwa namna yake. Jibu lililozoeleka zaidi katika madarasa ya fasihi ni kwamba kazi ya kubuni haiwezi kushtakiwa kwa uongo, kwa kuwa haikudai kusema kweli kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Msomaji anayeifungua Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi hatarajii kupata humo mpangilio wa matukio kama ulivyo katika kalenda. Anajua kwamba amefungua riwaya, na kwamba wakati ndani ya riwaya utakwenda kama apendavyo mtunzi. Baina yao wawili pana mapatano, na palipo na mapatano hapana hadaa.

Makala haya yananuia kulichukua jibu hilo na kulipeleka mahali ambapo linapata taabu. Mahali penyewe ni karakana ya fundi wa saa. Tena si fundi wa kiwandani wala yule wa kibandani anayebadilisha betri, bali mmoja kati ya wale mafundi huru wachache ambao husanifu na kuunda kwa mikono yao saa ambazo papo hapo ni sanamu. Saa ya namna hii hutumikia mabwana wawili. Kwa upande mmoja ni kazi ya sanaa, nayo yastahili kutazamwa kwa jicho lile lile linalotazama kinyago au mchoro. Kwa upande wa pili ni chombo, na chombo hiki kina kazi moja tu, nayo ni kumwambia mtu ni saa ngapi. Je, uzuri wake unaiondolea deni la kusema kweli? Na iwapo fundi ameiunda makusudi iseme uongo, je, amemkosea mtu?

Huenda mtu akaona kuwa swali hili ni la mafundi na liachiwe mafundi. Mtazamo huo una kasoro. Mhakiki wa fasihi huyategemea mapatano yaliyotajwa hapo juu kila siku bila kuulizwa yalifanyiwa wapi, yalishuhudiwa na nani, na nini humpata mtu ambaye hakuwa na habari kwamba yamefanywa. Mbele ya saa iliyotundikwa barabarani, maswali hayo hayaepukiki.

Ahadi iliyomo katika jina

Kiswahili hakikutenga neno moja kwa ajili ya chombo na jingine kwa ajili ya kile kinachopimwa na chombo hicho. Saa ni muda wa dakika sitini. Saa ni kifaa kilichotundikwa ukutani au kuvaliwa mkononi. Na katika lugha ya dini Saa ni siku ile ambayo hapana aijuaye. Maana zote tatu zilikuja pamoja na neno lenyewe kutoka katika Kiarabu. Matokeo yake ni kwamba katika Kiswahili chombo hiki kimepewa jina la ahadi yake. Kiti kibovu ni kiti bado, na jembe butu ni jembe. Lakini saa iliyosimama tunaitazama kwa mashaka hata katika lugha: husemwa kuwa imekufa, au imelala, mpaka itakapotiwa ufunguo na kutiwa majira ndipo irudi kuwa saa.

Hata hivyo, ni rahisi kulikuza deni hilo kupita kiasi, kana kwamba kweli ya saa ni kweli ya maumbile ambayo fundi huinakili tu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu nzuri ya kulitilia shaka wazo hilo. Mwanafunzi wa Mombasa anapotazama asubuhi akaona akrabu fupi imeelekea kwenye tarakimu ya saba, husema bila kusita kwamba ni saa moja. Hahisi kuwa saa imemdanganya, wala yeye hajioni kuwa anaidanganya. Anajua kwamba uso wa saa umeandikwa kwa hesabu ya watu wanaoanza kuhesabu usiku wa manane, ilhali yeye anahesabu tangu kuchomoza kwa jua; basi huruka tarakimu sita na kuendelea na shughuli zake. Kwa hakika anachokifanya ni tafsiri, na ameifanya mara nyingi mno hata haoni tena kuwa ni tafsiri.

Historia nayo inatoa ushahidi wa aina hiyo. Mwaka 1206, katika enzi ya watawala wa Artuqid wa Diyarbakir, mji ulio katika Uturuki ya leo, fundi Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu chake maarufu juu ya mitambo ya werevu. Saa yake ya tembo ni sanamu kamili. Ndani ya tumbo la mnyama huyo mna hodhi la maji, na juu ya maji hayo linaelea bakuli lenye tundu dogo. Bakuli hujaa polepole kwa muda wa nusu saa, likazama. Na kuzama kwake huvuta kamba zinazoangusha tufe, tufe likaingia kinywani mwa joka, joka likainama, ndege akalia, na mwendeshaji tembo akapiga kwa nyundo yake. Joka linapoinama hulivuta bakuli juu tena, na kazi ikaanza upya. Katika saa yake nyingine, ile ya ngome, al-Jazari aliweka njia ya kuurekebisha mtambo siku baada ya siku, kwa kuwa watu wa mahali pake na zama zake waliugawa mchana katika sehemu kumi na mbili bila kujali urefu wake. Kwa hiyo saa moja ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa moja ya majira ya baridi. Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako tofauti ya mchana wa Juni na ule wa Desemba haifiki hata saa nzima, jambo hilo ni la ajabu kidogo. Kwa mtu wa Diyarbakir lilikuwa jambo la kawaida, na saa ambayo isingejinyoosha na kujikunja pamoja na majira ndiyo ingeonekana kuwa ya uongo.

Inabainika basi kwamba kweli ya saa nayo ni mapatano. Lakini hapa panahitaji tahadhari. Kusema kwamba jambo ni mapatano si kusema kwamba kila mtu anaweza kulivunja apendavyo. Fedha ni mapatano pia, na mwenye kuchapisha noti zake nyumbani hufungwa. Al-Jazari aliijua hesabu ya watu wake na akaitumikia. Zaidi ya hayo, alieleza katika kitabu chake, kipande kwa kipande na kwa michoro, jinsi kila chombo kilivyoundwa, ili fundi mwingine aweze kukiunda, na alisisitiza kwamba hakuridhika na jambo asilolijaribu kwa vitendo. Tembo wake alificha bakuli tumboni. Kitabu chake kililifunua. Tofauti hiyo kati ya kuficha na kufunua itarejelewa mbele, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito wa hoja hii.

Uhakiki wa shaba

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi tuzo ya pauni 20,000 kwa yeyote atakayepata njia ya kujua longitudo baharini kwa usahihi wa nusu digrii. Mwenye kuipata njia hiyo kwa saa alikuwa John Harrison (1693–1776), mwana wa seremala ambaye hakupata elimu rasmi ya ufundi wa saa. Mtambo wake wa kwanza wa baharini, unaojulikana leo kama H1, ulikamilika mwaka 1735. Una uzito wa kilo 34 hivi, magurudumu yake makubwa ni ya mti wa mwaloni, na badala ya pendulamu una mizani mbili ndefu zenye tufe za shaba nchani, zinazokaribiana na kuachana kama watu wawili wasiochoka kusalimiana. Anayeusimamia leo katika jumba la Greenwich huona sanamu. Harrison hakukusudia sanamu. Kila tufe na kila springi iko pale kwa sababu meli huyumba na shaba hutanuka kwa joto. Uzuri ulikuja wenyewe, kama unavyokuja katika jahazi au katika mtego wa samaki uliosukwa vizuri.

Kisha likaja jambo ambalo, kwa upande wa maadili, ni kubwa kuliko uvumbuzi wenyewe. Harrison alitumia takriban miaka 19 katika mtambo wake wa tatu. Ulipokaribia kukamilika alitambua kwamba njia aliyoishika haitamfikisha, akageukia kifaa kidogo kinachofanana na saa ya mfukoni, chenye upana wa sentimita 13 tu. Hicho ndicho H4, kilichokamilika mwaka 1759. Kilipopelekwa Jamaica katika safari ya 1761–62 kilipotoka kwa sekunde tano hivi baada ya zaidi ya miezi miwili baharini. Fundi aliyependa sura ya kazi yake kuliko ukweli wake asingethubutu kuiacha miaka 19 nyuma ya mgongo. Hata hivyo tuzo ilimponyoka kila alipoikaribia. Alidaiwa kuufungua mtambo wake mbele ya wajumbe na kuueleza, akatakiwa kutoa majaribio zaidi, na ilikuwa mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 80, ndipo Bunge lilipomlipa pauni 8,750.

Mwaka 1775, mwaka mmoja kabla ya kufa, Harrison alichapisha kitabu. Ni kitabu kinachopaswa kuwavutia wanafunzi wa fasihi kwa sababu zisizo za kawaida: kimeandikwa vibaya kupita kiasi. Sentensi zake hujikunja na kujifunga kama uzi uliochezewa na paka, hasira zake dhidi ya wanajimu waliomnyima haki huingilia maelezo ya ufundi, na msomaji hutoka humo akiwa amechoka bila kuwa na uhakika wa alichoambiwa. Ndani ya msitu huo mlikuwa na dai moja lililo wazi, kwamba saa ya pendulamu inaweza kuundwa ikaenda siku 100 bila kupotoka kwa zaidi ya sekunde moja. Wahakiki wa zama zake walimdhihaki kama mzee aliyeishiwa na akili. Mafundi waliofuata walishika njia iliyo kinyume na yake: pendulamu nzito, mbembeo mfupi. Harrison alitaka mbembeo mpana, na kizuizi chake kiitwacho cha panzi, yaani kile kipande chenye miguu miwili inayozuia gurudumu na kuliachilia jino baada ya jino, kiliruka bila kusuguana wala kuhitaji mafuta.

Hapa ndipo anapoingia Martin Burgess, mchongaji na fundi huru wa Uingereza aliyejishughulisha na saa za umbo la sanamu. Katika miaka ya 1970 alianza kuunda saa mbili kwa kufuata mafundisho ya Harrison. Ya kwanza, Saa ya Gurney, ilitolewa na benki ya Barclays kwa mji wa Norwich, kuadhimisha miaka 200 ya benki ya familia ya Gurney. Imepambwa kwa simba na ngome, alama za mji huo. Ya pili, iitwayo Saa B, ilikaa bila kukamilika kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2009 ilinunuliwa na msanii Mmarekani Donald Saff, ikamaliziwa na mafundi wa kampuni ya Charles Frodsham, kisha ikapelekwa Greenwich. Mwaka 2015 ilifungiwa ndani ya kasha la plastiki angavu lililotiwa lakiri, ili asiwepo mtu wa kuitia majira kwa siri, ikaachwa iende siku 100. Ilipotoka kwa thumuni tano za sekunde.

Tukio hili lina mambo kadhaa ya kutafakariwa. Kwanza, ni uhakiki wa matini. Kitabu kilichodharauliwa kwa sababu ya mtindo wake kilisomwa upya na mtu aliyekubali kwamba utata wa maneno si lazima uwe upungufu wa maana, na tafsiri yake ikatolewa kwa shaba na chuma badala ya makala. Wahakiki wa fasihi hawapati nafasi ya namna hii mara nyingi. Hakuna kasha la lakiri ambamo tafsiri ya shairi inaweza kufungiwa siku 100 ili ionekane kama imepotoka. Ni kweli kwamba Burgess alitumia vifaa vya karne ya ishirini palipomfaa, na mwenye kushika neno kwa neno anaweza kudai kuwa saa aliyoiunda si ya Harrison. Lakini hilo ndilo linalosemwa kuhusu kila tafsiri.

Pili, na hili ni zito zaidi, sekunde hiyo haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Jiwe la kwatzi ndani ya saa nyingi za leo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na ingawa saa ya bei nafuu ya namna hiyo huweza kupotoka kwa sekunde kadhaa kwa mwezi, hakuna anayeikosa ndege kwa sababu yake; na anayehitaji usahihi zaidi huupata kutoka katika mitambo ya atomu. Tangu kampuni ya Seiko ilipouza saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi mwaka 1969, saa iundwayo kwa mikono imepoteza kazi yake, kama ilivyoipoteza taswira ya mtu iliyochorwa kwa brashi ilipokuja kamera. Burgess na waliomrithi hawakuwa wakimhudumia msafiri. Walikuwa wakitimiza ahadi iliyotolewa na marehemu. Kwa mtazamo wa manufaa, huo ni upotevu wa miaka. Kwa mtazamo wa makala haya, ni mojawapo ya mifano michache ambapo ukweli umetafutwa kwa ajili ya heshima yake wenyewe. Wala fundi huru hakuwa huru kiasi hicho: saa moja ililipiwa na benki, ya pili ikahitaji fedha na mikono ya wengine ili ifike mwisho. Uhuru wake ulikuwa katika jambo moja tu, kukataa kubadili alichokiamini ili kazi imalizike mapema.

Mla-wakati

Panzi wa Harrison aliruka tena, safari hii katika mji wa Cambridge, na mara hii kwa nia tofauti kabisa. Tarehe 19 Septemba 2008, mwanafizikia Stephen Hawking alizindua saa iliyowekwa katika ukuta wa maktaba ya chuo cha Corpus Christi, ikitazama barabara. Mbunifu wake ni John C. Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa chuo hicho na ambaye alipata utajiri wake kwa kubuni vidhibiti vya joto vya birika za umeme. Uso wa saa ni sahani ya chuma iliyotiwa dhahabu, yenye upana wa mita moja na nusu hivi, isiyo na akrabu wala tarakimu. Saa, dakika na sekunde huonyeshwa na nuru ya samawati inayochungulia katika nyufa ndogo. Juu ya sahani amepanda mdudu wa kutisha aliyefanana na panzi, ambaye miguu yake hulitembeza gurudumu jino kwa jino na kinywa chake hufunguka na kufumba kana kwamba anazitafuna sekunde. Taylor alimwita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mla-wakati. Inapotimia saa kamili hapasikiki kengele. Husikika mnyororo ukianguka katika jeneza la mbao.

Tena saa hii imeundwa makusudi isiwe sahihi. Pendulamu yake huonekana kusita, kuchelewa, kisha kukimbia ili kufidia. Nuru zake hurudi nyuma na kuruka mbele. Inasema kweli mara moja tu katika kila dakika tano. Hoja ya mbunifu inaeleweka bila shida: wakati anaouishi binadamu hauendi kwa mwendo mmoja, siku ya furaha huisha kabla ya kuanza na usiku wa mgonjwa haukuchi. Riwaya za karne ya ishirini zimesema hayo mara nyingi, na hakuna aliyezishtaki.

Lakini mapatano ya riwaya yako katika jalada. Mtu huingia katika riwaya kwa hiari, akiwa ameketi. Anayepita katika barabara ile hakufungua jalada lolote. Huenda ni mwanafunzi anayekimbilia chumba cha mtihani, au mgeni asiyejua historia ya mtambo huo, na akiinua macho ataona kitu kilichowekwa mahali ambapo kwa karne nyingi miji imeweka saa zake kwa ajili ya kila mtu. Zaidi ya hayo, usahihi wa kila dakika tano unaizidishia saa hii lawama. Saa iliyosimama haimdanganyi mtu kwa muda mrefu. Iliyo sahihi nusu hupata kuaminiwa.

Je, Taylor ana hatia? Kwa maoni ya makala haya, hana, ila si kwa ile sababu inayotolewa kwa kawaida kwamba sanaa ina ruhusa yake. Sababu ni kwamba mwili wa saa hii wote ni onyo. Mtu mwenye haraka hatapata tarakimu ya kusoma, na mdudu aliye juu hafanani na mtumishi mwaminifu. Pendulamu inasita hadharani, mbele ya macho ya mpita njia. Uongo unaotendwa hivyo, mchana na kwa ishara, uko karibu na kejeli kuliko hadaa, na msomaji wa kejeli, hata asipoambiwa, hupewa njia ya kugundua. Kilichopo cha kulaumu ni kidogo: saa hii imejinunulia msamaha kwa kuacha kusomeka. Ilipoteza utumishi kwanza, ndipo ikaruhusiwa kusema uongo. Na kazi iliyochukua miaka mitano, ikagharimu pauni milioni moja na kuwahusisha watu zaidi ya 200, haiwezi kuitwa ya mikono ya fundi mmoja isipokuwa kwa ukarimu mkubwa wa lugha.

Magurudumu ya bandia

Iwapo mla-wakati anaachiliwa, ni saa ipi basi inayopaswa kufikishwa mahakamani? Iko, na inauzwa kwa wingi katika maduka ya nchi nyingi. Ni ile saa kubwa ya ukutani yenye magurudumu ya meno yaliyo wazi, yanayozunguka na kushikana kwa namna ya kupendeza, ambayo mnunuzi huiona kama kazi ya fundi wa kale. Magurudumu hayo hayafanyi kazi yoyote. Nyuma yake kuna kijisanduku cha plastiki chenye betri na jiwe la kwatzi, ambacho ndicho kinachozungusha akrabu. Meno yaliyo mbele huzungushwa kwa ajili ya macho tu. Saa hii husema kweli kila inapoulizwa saa. Uongo wake unahusu yenyewe.

Hapa mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika yanatengana. Saa ya Cambridge inasema uongo kuhusu wakati na kweli kuhusu ilivyo. Saa ya magurudumu ya bandia inasema kweli kuhusu wakati na uongo kuhusu ilivyo. Wa pili ndio uongo mzito, maana hauna dalili yoyote inayomwezesha mtazamaji kuugundua, na kila usahihi wake huuimarisha. Wahakiki wa fasihi wanaujua kwa sura nyingine. Iko riwaya ya kihistoria ambayo tarehe zake zote ni sahihi, majina ya magavana yamehakikishwa, bei ya pamba imetajwa kwa senti, na bado watu wake wanasogezwa kama magurudumu yale, kwa nguvu isiyotoka ndani yao. Uhakiki unaohesabu makosa ya tarehe hauwezi kuikamata riwaya ya namna hiyo.

Kipimo hiki hakimwachi fundi huru salama. Wengi wanaouza leo saa zilizochongwa kwa mkono hununua mtambo wa kwatzi uliokamilika na kuupachika nyuma ya kazi yao. Katika masoko ya vinyago ya Nairobi na Mombasa hupatikana ramani ya Afrika iliyochongwa kwa mti, ikang'arishwa, ikatobolewa tundu katikati na kutiwa akrabu. Itakuwa haraka kumhukumu mchongaji huyo pamoja na muuza magurudumu. Kijisanduku chake cha betri kiko nyuma kwa yeyote atakayeigeuza ramani, na hajapamba mbele kwa meno yasiyozunguka chochote. Alichokiunda ni ramani. Saa aliinunua, naye hakuificha. Tatizo huanza pale kinapobandikwa kibandiko kinachosema kwamba saa nzima imeundwa kwa mikono, na kwa kawaida mwenye kukibandika si yeye bali mwenye duka.

Katika jumba la Greenwich, mitambo mitatu ya kwanza ya Harrison, ile ambayo yeye mwenyewe aliiona haijatosha, inaendeshwa kila siku mbele ya wageni, kwa kuwa haihitaji mafuta na haichakai upesi. H4, iliyo sahihi kuliko zote, imesimamishwa. Ikienda itahitaji mafuta, na mafuta yakizeeka yatahitaji mtu wa kuifungua, na kila kufunguliwa kutaila kidogo. Wageni hupita mbele yake wakiisoma saa isiyokuwapo, kisha hurudi kwenye H1 kutazama tufe zikisalimiana.

Na mchongaji wa ramani, anapoipachika akrabu ya mwisho na kuisimamisha saa mezani ili avutie wateja wa asubuhi, huiweka akrabu fupi kwenye tisa na ile ndefu kwenye kumi na mbili, maana ndivyo uso ulivyoandikwa kiwandani. Mtalii huiangalia na kuona kuwa ni saa tisa. Mchongaji huiangalia hiyo hiyo, humwambia jirani yake kwamba ni saa tatu kamili na wateja hawajafika, na wote wawili hutoka hapo wakiwa wameambiwa kweli.